Ufa wa Februari Usiuzibe

Hotuba kuhusu sakafu za mbao, kwa wakaazi, wenye nyumba na mafundi, Kilimani, Nairobi. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokuwa kazini Jumamosi hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mabibi na mabwana, na mafundi wenzangu kule nyuma ambao najua mmesimama karibu na mlango ili mtoroke mapema: hamjambo?

Nianze na swali, na nataka kuona mikono. Nani hapa ana mlango wa mbao nyumbani unaokwama mwezi wa nne na wa tano, mpaka uusukume kwa bega, halafu Januari unafunguka vizuri kabisa? Naona. Karibu ukumbi mzima. Sasa nani alimwita seremala mwezi wa tano akaupiga randa, na ilipofika Januari ukabaki na mwanya wa kupitisha panya? Mikono imepungua, lakini vicheko vimeongezeka. Haya.

Mlango huo haukunyeshewa. Uko ndani, chini ya paa. Kilichoufurisha ni hewa tu. Na ninyi wenye sakafu za mbao, chini ya miguu yenu kuna mamia ya vipande vinavyofanya kama mlango huo, vyote kwa wakati mmoja, na vimebanana. Mlango ukifura unakwama. Sakafu ikifura inakwenda wapi?

Hilo ndilo jambo langu leo. Tunaipangusa sakafu, tunaipaka nta, tunaipiga vanishi, tunagombana na watoto wasiburute viti. Hewa iliyo juu ya sakafu na maji yaliyo chini yake, hakuna anayeyapima. Nimekuja kuwaomba muanze kuyapima.

Niwape sayansi kidogo, nitaimaliza haraka. Mti ukishakatwa, ukapasuliwa, ukakaushwa, mbao yake huendelea kunywa na kutoa maji maisha yake yote. Hewa ikiwa na unyevu, mbao hunywa. Hewa ikikauka, mbao hutoa. Hutulia pale tu inapolingana na hewa iliyoizunguka. Iache kwenye chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 40, yaani hewa imebeba asilimia 40 ya maji inayoweza kubeba kwa joto lile, na baada ya muda itatulia ikiwa na maji kama asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 65, itatulia karibu na 12. Kwenye hewa ya asilimia 80, itafika 16. Iwe mvule, iwe mtiki, iwe mwaloni kutoka ng'ambo, iwe mkaratusi wa hapa kwetu, tofauti ni ndogo. Vanishi haizuii jambo hili. Vanishi hulichelewesha tu.

Mbao ikinywa hunenepa, ikitoa hukonda. Urefu wake hauongezeki kiasi cha kukusumbua. Upana ndio unaocheza. Na ubao uliopasuliwa bapa, ule wenye michoro mikubwa ya mawimbi ambayo wateja wanaipenda sana, hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo, ambao sura yake ni mistari iliyonyooka. Mafundi mnanielewa. Mteja anachagua kwa macho, nanyi mnanyamaza kwa sababu pesa imeshaonekana.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chumba cha mita 5. Sakafu ya mwaloni uliopasuliwa bapa, kila ubao milimita 120. Maji ndani ya mbao yapande kutoka asilimia 9 hadi 13. Kila ubao unataka kuongezeka chini kidogo ya milimita 2. Milimita mbili! Nani ataziona? Lakini mita 5 zina mbao arobaini na moja na ushee. Jumlisheni. Ni zaidi ya sentimita 7. Sakafu inaomba sentimita 7, na fundi ameiachia milimita 10 ukutani, tena akiwa fundi mzuri. Ni kweli gundi na misumari huizuia isifike kote huko. Lakini ile nguvu lazima itokee mahali. Itang'oa gundi, itasukuma skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, au itainua sakafu katikati ya chumba mpaka mtoto aanze kuitumia kama kilima. Mtiki ungeomba kama nusu ya hapo, na hiyo ni sababu moja ya bei yake.

Je, kutoka 9 hadi 13 ni safari ya kutisha? Hapa Nairobi ni mwaka wa kawaida! Januari na Februari jua likiwaka, nyumba nyingi ninazopima hewa yake hukaa kwenye asilimia arobaini na kitu. Masika yakishika, mpaka Mei, hewa ya ndani inafika sabini bila taabu. Halafu inakuja Juni na Julai, lile baridi letu la mawingu, jua halionekani mpaka saa nane, na nyumba haipati nafasi ya kukauka. Vuli nayo inarudi Oktoba. Mombasa kuna unyevu mwingi kuliko hapa, lakini unyevu wa Mombasa hautofautiani sana mwezi kwa mwezi, na mbao ikishauzoea hutulia. Sisi tunaipandisha na kuishusha kila mwaka.

Hapo ndipo ushauri wa ng'ambo unapotupoteza. Kuna mama mmoja, mteja wangu, kijana wake anaishi Minnesota, Marekani. Mama aliweka sakafu nzuri ya mwaloni sebuleni, na kijana kwa mapenzi yake akampigia simu: mama, wakati wa baridi hewa hukauka na mbao hupasuka, nunua mashine ya kutoa mvuke uiwashe usiku. Mama akanunua. Baridi yetu ni Julai. Julai yote akaiwasha, usiku kucha, madirisha yamefungwa. Agosti ananiita: fundi, njoo, sakafu imekuwa na mawimbi. Nikavua viatu, nikatembea. Kingo za kila ubao zimeinuka, unazihesabu kwa nyayo.

Kijana alidanganya? Hakudanganya. Kule kwao nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Hewa ya baridi kiasi hicho, hata ikijaa maji mpaka basi, hubeba maji machache mno. Ukiiingiza ndani hita ikaipasha mpaka nyuzi 20, unyevu wake unaanguka chini ya asilimia 15. Mbao lazima zipasuke, na mashine ya mvuke ni dawa yake. Sasa niambieni: nani kati yenu anapasha nyumba nzima joto mwezi wa saba? Sisi tunavaa sweta! Hewa ya ndani ni hiyo hiyo ya nje, imeongezewa mvuke wa chai na wa bafu. Dawa ya Minnesota kwa ugonjwa wa Kilimani. Tulizima mashine, tukafungua madirisha mchana, tukasubiri. Nitaeleza baadaye kwa nini tulisubiri.

Kwenye karatasi ya dhamana inayokuja na mbao za kutoka nje mtaona pia namba. Wataalamu wa Marekani hupendekeza hewa ya ndani ikae kati ya asilimia 30 na 50, na joto kati ya nyuzi 15 na 27 hivi. Joto hilo Nairobi tumepewa bure, karibu mwaka mzima. Lakini asilimia 30? Ukitaka kuifikia mwezi wa tano, utalipa umeme mpaka uuze hiyo sakafu. Msimamo wangu ni huu, na mafundi wengine mnaweza kunipinga: usiikimbilie namba ya chini, punguza safari. Nyumba inayokaa kati ya 45 na 60 mwaka mzima ni bora kuliko inayokwenda 35 hadi 75. Na mbao unazonunua ziwe zimekaushwa hadi kati ya asilimia 10 na 12, kwa sababu hapo ndipo Nairobi itazirudisha utake usitake. Mbao iliyokaushwa hadi 6 kwa ajili ya nyumba zenye hita itafika hapa na kuanza kunenepa. Mbao iliyorundikwa nje kwenye mvua ikiwa na asilimia 20 itaanza kukonda. Zote mbili muuzaji atakuambia ni kavu kabisa. Mwulize: kavu kiasi gani? Kipima unyevu cha mbao kina pini mbili, unazichoma kwenye ubao, namba inasoma. Fundi wa sakafu asiye nacho, msimpe kazi. Nimesema.

Joto lenyewe haliisumbui mbao sana. Linachofanya ni kubadilisha unyevu wa hewa. Chukua chumba cha Julai, nyuzi 18, unyevu asilimia 67. Kipashe kifike nyuzi 22 bila kuongeza hata tone la maji. Unyevu unashuka hadi kama 53. Umeona? Hukutoa maji yoyote, umeongeza joto tu. Kwa hiyo miezi ya baridi, jua likijitokeza saa sita, fungua pazia. Hita ndogo ya umeme kwa saa chache inasaidia. Jiko la makaa, hapana. Nalitaja kwa sababu kila Julai tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Ile hewa ya sumu haina harufu. Sakafu iharibike, tutatengeneza nyingine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika mji huu kuna majengo ya miaka ya sitini yenye sakafu za paruketi, vile vipande vidogo vilivyopangwa kwa mshazari, na bado zinang'aa. Nyingine ni za muhugu, mti huo huo wanaouchonga Wakamba vinyago, na ambao bado unaota Karura. Wapangaji wamehamia na kuhama, watoto wamekulia pale wakazeeka, sakafu ipo. Kisha jengo jipya lina miaka miwili na sakafu imeshaanza kulia kwik-kwik. Watu huniambia, fundi, mbao za zamani zilikuwa nzuri. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tazameni kingine.

Kipande cha paruketi ni kidogo, kwa hiyo kila kimoja kinacheza kidogo. Kimepangwa kwa pande tofauti, kwa hiyo vyote havisukumi ukuta mmoja. Vingi vilibandikwa kwa lami, na lami haipitishi maji kutoka chini. Halafu inueni macho juu ya dirisha. Mtaona nini? Matundu ya hewa! Yale matundu ya kudumu yenye wavu, ambayo hayafungwi usiku wala mchana. Mvuke wa sufuria ulikuwa unatoka kupitia pale bila kuomba ruhusa.

Kuna mwenye nyumba mmoja, mtu mwangalifu sana, alinunua nyumba ya namna hiyo kwenye ghorofa ya zamani. Sakafu ya muhugu, kila kipande mahali pake. Akaikarabati. Akaweka dari ya jipsamu iliyoyafunika matundu yote. Akang'oa madirisha ya chuma akaweka ya alumini yanayofunga kabisa, vumbi lisiingie. Akabomoa ukuta wa jikoni, jiko likawa sebuleni. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inalowesha nguo kwenye baraza, akafunga kamba ndani. Misimu miwili ya mvua baadaye, vipande vikaanza kuchomoka kimoja kimoja, na nyuma ya kabati kukawa na ukungu mweusi. Akaniuliza: huu muhugu umezeeka?

Muhugu haukuwa na neno. Nilimwomba tuhesabu maji yanayoingia nyumbani kwake. Akafikiri namaanisha mfereji. Nikamwonyesha mtungi wa gesi. Mnajua gesi ya kupikia ikiungua hutoa maji? Kila kilo moja ya gesi ikiungua hutoa kama kilo moja na nusu ya maji, na zaidi kidogo, kwa namna ya mvuke. Mtungi wa kilo 13 ukiisha, umemwaga hewani karibu lita 20 za maji. Lita ishirini, mtungi mzima wa maji wa plastiki! Na bado hujahesabu maji yanayochemka kwenye sufuria, bafu la moto la watu watano, nguo kwenye kamba, na pumzi zenu mkiwa mmelala. Zamani yote hayo yalitoka juu ya dirisha. Leo yanatoka wapi?

Tulitoboa jipsamu, tukayafungua matundu yote. Tukaweka feni ya kuvuta hewa juu ya jiko na nyingine bafuni, zinazotoa hewa nje kabisa. Nasisitiza nje, kwa sababu nimeona feni za jikoni zinazopeleka mvuke ndani ya dari. Nguo zikarudi barazani. Hatukununua mashine yoyote ya kukausha hewa. Vipande tulivirudisha vile vile vya zamani.

Na ninyi mliobahatika kuwa na nyumba za zamani za chini zenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, pale chini ya ukuta kwa nje kuna matundu. Wengi mmeyaziba kwa sababu ya panya. Weka wavu wa chuma. Panya atabaki nje, hewa itapita, na maboriti yako hayataoza.

Nihamie chini ya sakafu. Mafundi wa nyuma, hapa msitoroke.

Zege linamwagwa likiwa na maji mengi. Likishakuwa gumu, watu husema limekauka. Limeshika, halijakauka. Kanuni ya mkono inayotumika sana ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hewa ikiwa nzuri. Slabu ya milimita 100, miezi minne. Ikinyeshewa, unaanza kuhesabu upya. Juu yake mnaongeza skridi, lile tabaka la saruji na mchanga la kusawazisha, nayo ina maji yake. Sasa niambieni, ni mjenzi gani Nairobi anayesubiri miezi minne wakati wanunuzi wameahidiwa funguo Desemba?

Niliitwa kwenye ghorofa moja jipya, si mbali na hapa. Wenye nyumba walihamia, sakafu ikiwa safi kabisa. Baada ya muda mfupi mbao zikaanza kuwa nyeusi kwenye maungio. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshamfukuza dada wa kazi. Eti anapiga deki na maji mengi. Nikang'oa ubao mmoja. Juu ulikuwa mkavu, na chini ulikuwa umelowa, gundi imekuwa kama uji. Maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye zege. Hata mfalme angepiga deki pale kwa kitambaa kikavu, ubao ungeoza tu. Nilimwambia yule mama, sakafu tutaitengeneza, lakini kwanza mpigie simu yule dada. Alimpigia. Nafurahi kusema alimpigia.

Kipimo cha mwanzo hakigharimu kitu. Chukua kipande cha poletini kinachopitisha mwanga, kama nusu mita kwa nusu mita. Kibandike juu ya zege kwa tepu pande zote nne, hewa isiingie. Kiache usiku mmoja mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi pale, usiweke mbao. Ukikuta pakavu, bado usishangilie sana, tumia kipima unyevu cha zege kabla ya kuamua. Na kwa nyumba ya chini iliyo juu ya udongo, poletini nzito ya geji 1000 iwe imetandikwa chini ya slabu tangu mwanzo, bila matobo. Mnaponunua nyumba, ulizeni. Ulizeni kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya kulipa mjenzi huwa na mikutano mingi.

Sasa kile kichwa cha hotuba. Tumelelewa na methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nani hajui? Nami nasema hapa mbele ya wazee, kwa heshima zote: kwa sakafu ya mbao mwezi wa pili, ukiziba ufa ndipo utakapojenga.

Februari mbao zimekonda. Mianya midogo imetokea kati ya mbao na mbao, pengine inaingia ukingo wa sarafu. Mwenye nyumba anaogopa. Anaita fundi, fundi anaona kazi, anachanganya unga wa mbao na gundi, anajaza kila mwanya, anapiga msasa, sakafu inapendeza kama kioo. Mwezi wa nne mvua inafika. Mbao zinataka kunenepa kurudi zilipokuwa, na mahali pao pamejazwa. Zinasukumana. Zinabonyea kwenye maungio, au zinainuka. Januari inayofuata zinakonda tena, na safari hii mianya ni mikubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mbao zilibanwa zikapondeka ubavuni. Nyufa zile zilikuwa zifungwe zenyewe mvua ikija. Bure! Kuna ufa wa kuziba, ule ambao haufungi mwaka mzima. Huo usubiri upite masika, ukiuona Juni bado upo, tuzungumze.

Ndugu zangu, kosa hili lina pacha wake. Bomba linavuja chini ya sinki, mbao zinanywa maji chini kuliko juu, kingo zinainuka kama zile za yule mama wa mashine ya mvuke. Fundi mwenye haraka analeta mashine ya msasa siku hiyo hiyo, anazila kingo mpaka sakafu inakuwa tambarare. Anapokea pesa, anaondoka. Miezi inapita, mbao zinakauka mpaka ndani, kingo zinashuka. Lakini kingo zimeshaliwa! Kwa hiyo zinashuka chini ya katikati, na sasa kila ubao una mgongo. Mbao zilizoinuka kingo, nyingi zikikaushwa polepole hurudi zenyewe. Ndiyo maana kwa yule mama tulisubiri. Tulisubiri mpaka Februari, nikapima, juu na chini ya ubao zikasoma karibu sawa. Sehemu kubwa ya mawimbi ilikuwa imelala. Msasa ulikuwa mwepesi tu. Yeye aliona namchelewesha, na mara mbili aliniambia kuna fundi mwingine anaweza kuimaliza kwa siku mbili. Najua yupo.

Na kuweka sakafu mpya, tuiweke lini? Wateja hupenda Januari, baada ya sikukuu, pesa ikiwa bado inapumua. Ukiiweka Januari, mbao zimekonda, acha nafasi ya kutosha ukutani, milimita 12 hadi 15, na usizibane kama magunia. Ukiiweka Mei, mbao zimenenepa, zibane vizuri, na umwandae mteja kwamba Februari ataona mianya. Vyovyote vile, mbao zifunguliwe kutoka kwenye maboksi zikae ndani ya nyumba hiyo, madirisha yakiwa yameshawekwa na plasta imeshakauka. Kwa siku ngapi? Kila mtu huniuliza siku ngapi. Siku hazihusiki. Pima mbao, pima na mbao za chini yake; zege lina kipimo chake, nimeshakitaja. Kwa mbao nyembamba tofauti isizidi pointi 4 za asilimia, kwa mbao pana, kuanzia sentimita 7 na nusu kwenda juu, isizidi 2. Zikifika hapo, anza. Zisipofika, kunywa chai.

Mwenye hofu zaidi achukue mbao za matabaka, zile zenye mbao halisi juu na tabaka zilizopishana chini. Hucheza kidogo sana. Mimi nazipenda kwa nyumba zenye vioo vikubwa, kwa sababu jua letu halina adabu. Sisi tuko karibu na ikweta: Juni jua linaingia kwa madirisha ya kaskazini, Desemba linaingia kwa ya kusini, na dirisha la magharibi linachomwa kila jioni. Pale jua linapopiga, ubao unakauka kuliko jirani yake, na rangi inabadilika. Pazia jepesi linatosha. Na zulia lisogezeni mara kwa mara, la sivyo mtalitoa siku moja mkute ramani.

Deki ni kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoki. Nimemaliza hapo.

Utaratibu wa madirisha: miezi ya mvua na ya baridi, fungua kuanzia saa tano hadi saa kumi, pande mbili za nyumba ili hewa ipite, halafu funga kabla ubaridi wa jioni haujaingia. Januari na Februari, fungua asubuhi, na alasiri funga upande wa jua na ushushe pazia. Nyumba ikikaa tupu, mlinzi apewe ufunguo wa kufungua madirisha, si wa kufagia tu. Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kile cha kutundika ukutani, na mara nyingi bei yake haifiki ya kopo moja la vanishi nzuri. Kiweke sebuleni mbali na jua na mbali na jiko, na uandike namba kila Jumapili. Ukinipigia simu sakafu yako ikiwa na shida, swali langu la kwanza litakuwa daftari hilo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali nitayapokea tukiwa tunatembea, kwa sababu jana jioni nilimwomba mlinzi wa ukumbi huu aniruhusu kubandika poletini kwenye zege la stoo ile mpya ya nyuma, ambako kamati inapanga kuweka sakafu ya mbao kabla ya mvua. Sijaifungua. Twendeni tukaifungue pamoja, na mweka hazina awe wa kwanza kuchungulia.